Mama wa Kwenye Kopo

…na bado anaitikisa, mikono yake haichoki, anaitikisa biberoni, chupa ya kunyonyeshea, kama mtu anayetikisa kibuyu cha siagi, Pétronille huyu, dada wa mume wangu, aliyepanda jana kutoka Goma na kopo la maziwa ya unga amelifunga ndani ya kitenge kipya, akalitua mkekani mbele yangu kama anayetua zawadi ya ukwe, na mchana huu amechemsha maji, amepima unga kwa kijiko, sasa ananyoosha mkono, "Mama Valérie, kamata, ingali vuguvugu, umuamushe umupatie," nami nasema ngoja, dada, ngoja kwanza watoto wamalize kula, ingawa watoto hawana uhusiano wowote na biberoni… wako pale nje ya mlango, naona migongo yao, watoto wa kilima kizima wameuzunguka ungo wa maharage na ugali wa mtama, mikono bado ina udongo, maana wametoka kulima, hiyo ndiyo desturi tuliyovuka nayo kutoka Rwanda, siku mama aliyezaa anapotolewa nje watoto wa jirani wanamlimia mwenzao mchanga shamba, shamba gani, mikwaruzo tu ya vijiti nyuma ya nyumba, mpaka bibi awanyunyizie maji kwa tawi na kuwaambia mvua hiyo, rudini mle, na wakishakula kila mmoja anamtajia mtoto jina, lolote linalomjia, baba anayasikiliza yote na mwishowe anatoa lake, na mimi katika haya yote sina kazi, nimekaa mlangoni, mgongo ukutani, mtoto mapajani amelala mdomo wazi, nina maziwa, yamejaa mpaka yanauma, na leo ndiyo siku ya mwisho ya kukaa hivi, kesho ndoo, kesho kuni, kesho vitambaa vya mtoto mtoni… si kwamba nalalamika, ni mtoto wa nne, najua njia inapopita, lakini biberoni hii ni jambo jingine, kwa sababu nikiianza leo mbele ya watu nitaimaliza vipi, maziwa ya mama yakikosa wa kuyaita yanaondoka, hayarudi kwa kuombwa, na baada ya Pasaka masista wananitaka darasani na wasichana wao wa ushonaji na mapishi, saa nzima ya kutembea kwenda na saa nzima kurudi, na Pétronille anajua hilo, ndiyo maana amekuja na kopo wala si na sabuni, "Weye ulisoma, dada, weye iko monitrice, mwalimu wa masista, utafunga mutoto mugongoni mbele ya tableau noir, kweli?" na Kabera, mume wangu, karani wa shamba la pareto, yuko upande ule wa ua na wanaume na pombe ya ndizi, anajifanya hasikii, jana nilimwuliza waziwazi, akasema, "Uamue weye, weye njo mama," na mwanamume akisema uamue wewe ujue ameshaamua, ila hataki kuwa karibu litakapotamkwa… ameshaamua tangu lile lori, namjua, tangu jioni ya lori mguu wake haujatulia.

Lori lilikuja siku ya soko, tumbo langu lilikuwa limefika huku, nimekaa juu ya gunia la viazi kwa sababu hapakuwa na pengine pa kukaa, lori jeupe lenye kipaza sauti juu, limetoka Sake likapanda kwetu Masisi, kisha lilikuwa linateremka Walikale na Mubi kwa watu wa machimbo, na kiza kilipoanza kuingia wakatundika shuka, wakaonyesha kwanza picha za Bikira Maria wa Lurdi ili padri asiondoke, na hakuondoka, alikaa mbele kabisa, halafu Lurdi ikaisha, akaja mtoto mwembamba analia, analia na sisi tunaona mbavu zake, halafu kopo, halafu mtoto yuleyule, ama mwingine, nani anajua, mnono, ameketi kama mutwale, kama chifu, na taji kichwani, na watu wakapiga kelele za furaha kana kwamba wamemponya wao, na pembeni mtu wa kipaza sauti amevaa koti jeupe la daktari, koti lenye mikunjo ya sandukuni, sikumwona akigusa mgonjwa, nilimwona akipakua makasha, akasema, "Papa gani hapa hapendi mutoto wake? Anyanyue mukono," na ni nani angenyanyua, "Vizuri. Wote munapenda. Sasa muntu anapenda mutoto, halafu anamunyima Bébé-Roi, ile njo mapendo gani?" na hapo ndipo mguu wa Kabera ulianza kucheza, nilikuwa nimekaa chini, niliuona mguu kabla ya uso… swali halina mlango wa kutokea, ukiingia umefungiwa, ukijibu unajivunjia heshima, usipojibu unanunua, na sisi watu wazima tulisimama pale kama mbuzi walioingizwa zizini kwa mkono wa majani… na watoto wakapewa kofia za karatasi na wimbo, waliwafundisha hapohapo, Bébé-Roi vinywani mwao ikawa Beberwa, Beberwa, Beberwa, mama anapumuzika, mutoto anakuwa, mara moja, mara ya pili, mpaka lori likaondoka na wimbo ukabaki, ulibaki mtoni, ulibaki njiani kwenda kanisani, mimi mwenyewe nilishtuka nimeinama kwenye beseni nafua, naimba Beberwa, na sikuwa na furaha wala huzuni, nilikuwa nafua tu.

Wameshiba, ungo umebaki mweupe, sasa mama mkwe wangu Mukandori anajifuta mikono kwenye kitenge, anasimama katikati yao, "Haya, wazazi wangu, mumeshiba? Mutuambie, huyu mugeni wetu anaitwa nani?" na napenda sehemu hii, siku zote nimeipenda, wa kwanza Valérie alipewa Mvua na Kikapu na Anayekunya, wa pili walimwita jina la mbwa wa jirani na mbwa mwenyewe akaitika, wanacheka mpaka wanaanguka, na kijana wa Ndayambaje, yule mwenye meno yaliyotoka, ndiye wa kwanza, anasema bila kufikiri, "Beberwa," watu wanacheka, vizuri, wa pili, "Beberwa," wa tatu msichana mdogo ana ugali shavuni, "Viazi," asante, mwanangu, wa nne, "Beberwa," wa tano, "Beberwa," wanaanza kuimba sasa, na huyo ni Valérie wangu mwenyewe, msichana mkubwa, anarukaruka, "Beberwa, bibi, kama ile ya lori," na Mukandori hakwenda sokoni siku ile, magoti yalimuuma, anageuka huku na huku, "Beberwa njo nani? Muntu wa wapi?" "Iko mufalme wa maziwa, bibi." "Mufalme wa maziwa. Na ng'ombe wake anachungia wapi?" "Hana ng'ombe, bibi, iko na kopo." "Mufalme hana ng'ombe," anasema Mukandori, anaangalia wanawake wenzake, "mimi nilisikia mambo, lakini hii," na ua mzima unacheka, na mimi nacheka, tumbo linauma, nashika tumbo, na Pétronille hacheki, ameona nafasi, ananiinamia sikioni, "Unaona, dada? Hata watoto wanajua kitu kizuri. Weye tu njo unabakia," na biberoni ile imefika tena mbele ya uso wangu… hata watoto wanajua, anasema, lakini wanajua nini, hakuna hata mmoja wao aliyeionja, kijana wa Ndayambaje amekua kwa viazi na maziwa ya kuganda, anachojua ni kofia ya karatasi, na hapo kitu kinanichoma kidogo, si hasira, mtu aliyekula vizuri na kulala siku hizi zote hawezi kukasirika sana, ni kama kipande cha jiwe ndani ya maharage, kwa sababu watoto hawa kazi yao leo ilikuwa moja tu, kutoa kilicho kinywani mwao, na ndani ya vinywa vyao nikamkuta yule mtu wa koti, amewahi kufika kabla ya mvua na kabla ya mbwa, hajui kilima chetu kinaitwaje, na ameshaketi pale.

Na si kwamba sisi hatujui kusifu, tunajua kuliko yeye, baba yangu alikuwa na jirani, Nzabonimpa, kazi yake kusifu ng'ombe, akisimama mbele ya ng'ombe wa mtu fimbo mkononi akaanza, ungedhani jua limetoka pembeni mwa ng'ombe yule, mwenye hatua ya bibi harusi, mto usiokauka kiangazi, na siku moja alimsifu hivyo ng'ombe wa baba aliyevunjika pembe, kiwele kama soksi, watu wakacheka, baba akacheka kuliko wote, na mnunuzi alisikiliza mpaka mwisho, akapiga makofi, halafu akachuchumaa akakamua mwenyewe, hakuna aliyemwona ana adabu mbaya, maana kila mtu alijua sifa ni sifa na kukamua ni kukamua, na ng'ombe alipotoka zizini mwenye ng'ombe alilazimika kusema mbele ya mashahidi, huyu anapiga teke, huyu anakimbilia mahindi, na aliyeficha kasoro, ng'ombe alirudishwa kwake na ndama juu, na aibu juu… basi kosa halipo kwenye sifa, ndilo nililokuwa natafuta, mtu asifu maziwa yake mpaka sauti ikauke, lakini yule wa lori alisifu bila kuchuchumaliwa, alivaa koti ili sifa ifanane na dawa, akasifu gizani, akawapa watoto sifa waje nayo nyumbani, kisha akateremka Walikale kabla ya mtu kuuliza huyu wako anapiga teke namna gani, na ana teke, tunalijua sisi, Sidonie mke wa mkausha pareto alinunua kopo moja, akamwachisha mtoto, kopo likafika nusu akaona bora aongeze maji lisiishe, nani asingefanya hivyo, supu ya wageni unaiongeza maji, pombe unaiongeza maji, yalibaki meupe tu, hayo ndiyo mabaya yake, yanabaki meupe hata yakiwa si kitu, na mtoto akawa mwepesi mkononi mpaka Sidonie akaogopa kumwinua, na kifua chake mwenyewe kimeshakauka, aliyemwokoa ni Joséphine-Marie, yule Mhunde wa ng'ambo ya mto mwenye pacha, alisema wawili au watatu tofauti ni kelele tu, akamchukua kifuani, sasa anatembea, nimemwona pale nje, ndiye aliyevunja kijiti cha mwenzake, mashavu kama mapera… na Sidonie hajamlaumu mtu, anaona kosa ni lake, anasema sikupima vizuri, mtu wa lori amemwibia hata haki ya kumlaumu.

"Inapoa, dada," anasema Pétronille, na anaacha kuitikisa kidogo, ananionea huruma sasa, na ni mtu mzuri, nisimfanye mbaya, amekaa juu ya magunia ya dereva tangu Goma kwa ajili yangu, mikono yake inanukia sabuni ya mjini, kopo hili amelinunua kwa kujinyima, na anavyolitazama si macho ya mtu anayenidanganya, ni macho ya mtu aliyeamini, anataka Goma ifike hapa na mimi niwe wa kwanza kuipokea… na mimi nalitazama kopo, sijalitazama vizuri tangu jana, lina picha, si mtoto tu, mtoto yuko mbele na taji lake lakini nyuma yake yuko mama, mwanamke wa mjini, nywele zimechanwa, ameketi kwenye kiti chenye mikono, kiti chenye mto, mikono yake imelala juu ya magoti, mitupu, na huyo ndiye niliyekuwa namwangalia jana na leo asubuhi, kumbe, simwangalii mtoto, watoto ninao, na maziwa ninayo, naiangalia ile mikono… safi, mitupu, hakuna anayemwita, hakuna ndoo ndani ya picha ile, hakuna kuni, hakuna anayesema Mama Valérie chumvi iko wapi, na wimbo umesema tangu siku ya kwanza bila kuficha, mama anapumuzika, nimeuimba kwenye beseni na mikono ndani ya maji, wimbo huo haukuwa wa mtoto hata kidogo, ulikuwa wangu… lo, yule mtu ana akili, nampa haki yake, hakuniuliza unataka maziwa, angeniuliza ningemjibu ninayo, yeye aliuliza kitu kingine chini chini, umechoka, mama? na mimi nikajibu ndiyo, na yeye akasikia nipe kopo, na kwa Kabera aliuliza, wenzako wanakuonaje, karani? na kwa Pétronille, umefika mjini kweli au bado? na kwa kila mmoja wetu alikuta kidonda chake, akaweka kopo juu yake, kopo lilelile, kwa madonda yote, na kopo halijui kuponya hata moja, nikilinunua kesho nitaamka na ndoo palepale ilipo, na juu yake kuchemsha chupa, kuchemsha nyonyo, kutafuta kuni za kuchemshia, masista walitufundisha dakika zake zote, mama wa kwenye kopo nani anamchemshia, hayumo kwenye picha, mchemshaji, ningekuwa mimi, ningekuwa nyuma ya kopo.

Na nacheka peke yangu, mtoto anatikisika, halafu anatulia… basi si kwamba kopo ni sumu, nisianze kusema kama wazee wanaoogopa kila kitu cha bati, mama akifa uzazini kopo linamwokoa mtoto na nitakuwa wa kwanza kulifungua, lakini anayeliuza aje mchana, hilo tu, asimame sokoni bila koti, mikono tuione, asifu, tumpigie makofi, halafu wanawake tuchuchumae tukamue, linaisha baada ya siku ngapi, na likiisha, na asiye na kuni, na kifua kikikauka unakirudisha wewe, akishindwa kujibu apande lori lake, na kofia za watoto arudi nazo, mwenye kitu cha kuuza aongee na mwenye kununua, asimtume mtoto wangu kunidai mimi, nitamwambia padri, ndiyo, padri aliyekaa mbele, nitamwambia Lurdi ilitumiwa kama chambo, hilo atalisikia, na mutwale naye, yeye ndiye anayesema nani asimame wapi sokoni, ataogopa mzungu wa wilaya, najua, lori lina karatasi zake zote, lakini akisema lisimame mchana karibu na wauza viazi badala ya usiku karibu na shuka, hiyo si vita, hiyo ni kupanga soko, na kama wote wawili wakiona aibu ya kusema, darasa lile ni langu, baada ya Pasaka mlango ukifungwa pale ndani nasema mimi, wale wasichana wanajua kushona kifungo na kupika supu kwa gramu, hakuna aliyewahi kuwafundisha kusikiliza sifa, nitalipeleka kopo lenyewe, tupu, nitaliweka mezani, nitawaambia msiniambie ndani mna nini, niambieni linamwita nani hapa kati yenu, na linajuaje jina lake, na mmoja atacheka, yule anayecheka ndiye nitaanza naye… na mtoto wangu atakuwa mgongoni, mbele ya ubao, alale au alie, watamwona, hilo nalo ni somo, mama yangu Nzabandora alilima hivyo, mama wa Pétronille alilima hivyo, ubao si mzito kuliko jembe.

Lakini uchovu upo, hilo yule mtu hakudanganya, ndilo jambo moja la kweli alilolisema na akaliuzia jingine, na kama ni la kweli kwa nini nimngoje mgeni aje kuniambia kwa kipaza sauti, mimi nina mdomo, nimekaa nyumbani kwangu, watu wote wanaohusika wako ndani ya ua huu, wameshiba… "Mama," namwita Mukandori, sauti inatoka kubwa kuliko nilivyopanga, watoto wanaacha kuimba, anageuka, tawi la maji bado mkononi, "Nasikia, Mama Valérie," na nasema nitamnyonyesha mwenyewe mpaka atakapotembea, biberoni dada atarudi nayo Goma au ainywe yeye, na Pétronille anafungua mdomo, nami naendelea kabla ya kuogopa, lakini maji sichoti, mpaka mvua za Pasaka ziishe, sichoti maji wala kuni sibebi, nimechoka, mama, mimi nimechoka, na neno hilo nililodhani lingeanguka kama chungu limetua tu, limetua kama kuku, wanawake wananitazama, Mukandori ananitazama, "Na nani atachota?" "Kabera ana baiskeli," nasema, na kule kwenye pombe wanaume wanalipuka, mmoja anagonga kibuyu, mwingine anasema, "Karani, bidoni mbili za maji, moja huku moja huku," na sauti ya Kabera, ya juu kidogo, "Baiskeli iko ya kazi," na mama yake, bila kugeuka, anachovya tawi majini, anawanyunyizia watoto tena ingawa mvua ilishanyesha, "Na hii njo nini, kama haiko kazi?"… biberoni bado iko mkononi mwa Pétronille, ameishika kwa mikono miwili kama mtu asiyejua aiweke wapi, watoto wameanza tena, Beberwa, Viazi, Beberwa, mtoto bado amelala mdomo wazi, hana jina, mgongo wangu bado uko ukutani, na Kabera, namsikia, hacheki tena na wenzake, anamwuliza mtu fulani, polepole, kama ana kamba ya mpira ya kufungia bidoni.